Miaka Minne Eldoret na Hujaona Torok? Tukae Chini Tuongee

Kuna swali napenda kuuliza komredi yeyote nikikutana naye hapa tao: maporomoko ya maji yaliyo karibu na hosteli yako yanaitwaje? Wengi wanacheka. Wengine wanadhani nawatania. Kuna mmoja, mwaka wa tatu pale Chepkoilel, alinijibu "Thomson Falls" bila kupepesa macho. Manze, Thomson Falls iko Nyahururu! Ukienda huko na kurudi siku imeisha, na umepita maporomoko mengine njiani bila kujua.

Sasa wacha niseme msimamo wangu mapema ndio usisome mpaka chini ukitafuta. Mwanafunzi anayesoma Eldoret ndiye mtalii ambaye eneo hili linamhitaji zaidi. Sio mzungu wa ndege, sio familia ya Nairobi ya Disemba. Ni wewe, na hako kapesa kako kadogo ka wikendi. Na tukiendelea kuishi hapa kama abiria anayesubiri gari la kwenda kwingine, tutakaa miaka minne, tupate digrii, tuondoke bila kujua tulikuwa wapi. Na wale tutakaowaacha hapa watakuwa wamekosa kitu pia.

Tuanze na huu mji wenyewe. Jina Eldoret linatoka kwa neno la Kimaasai la mto wa mawe, na huo mto ni Sosiani, huu huu tunaouvuka kila siku tukikunja pua. Kabla ya hapo wazungu walipaita Sixty-Four kwa sababu posta ilijengwa kwenye shamba namba 64, na ndio maana wazee mpaka leo wanasema Sisibo. Moi University ilianza 1984 kule Kesses. University of Eldoret ikapata hati yake 2013. Ongeza Eldoret National Polytechnic, ongeza KMTC, ongeza madaktari wanaofunzwa karibu na hospitali ya rufaa. Tarehe 15 Agosti 2024 tukapewa hati ya kuwa jiji, la tano Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Jiji, sawa. Lakini ukitaka kujua hili jiji linapumua kwa pafu la nani, kumbuka mwisho wa 2024, wakati mgomo wa wahadhiri ulisimamisha masomo Moi University kwa wiki nyingi. Si wanafunzi pekee walioumia. Mama wa chapo alipika nusu ya unga wake wa kawaida. Mtu wa boda alishinda amelalia pikipiki. Kinyozi, mtu wa kuprinti, mwenye ploti, muuza mayai, wote walikuwa wanahesabu siku. Ile doh yetu ambayo huwa tunasema "si kitu" ndiyo ilikuwa inazungusha mtaa mzima.

Kwa hivyo tusidanganyane eti mwanafunzi hana nguvu. Unayo. Swali ni unaipeleka wapi.

Sasa nikupeleke kwenye maji. Ukitoka Eldoret upande wa mashariki, kama kilomita 35 hivi, unafika Iten. Ni mji mdogo uliokaa juu kabisa, kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na ukipita lile lango maarufu la "Home of Champions" mbele kidogo ardhi inaisha. Inaisha kabisa. Unasimama kwenye ukingo wa Elgeyo na Bonde la Kerio liko chini yako, zaidi ya mita elfu moja chini, limetandazwa kama mkeka. Hapo kwenye huo ukingo ndiko maji ya Torok yanaruka. Unaweza kuyaona kwa mbali kama uzi mweupe kwenye jabali, au unaweza kushuka kwa miguu na mtu wa pale mpaka unyunyiziwe uso.

Upande mwingine, ukielekea airport na kuingia Nandi, kuna Chepkiit. Hii haina urefu wa Torok, lakini ina kelele. Mto unajipasua katikati ya mawe, unarusha povu, na ukisimama hapo mazungumzo yanakufa kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake.

Na hapa ndipo kuna kitu ambacho ningependa walimu wa jiografia wangekuwa wanatupeleka kukiona badala ya kutuchorea ubaoni. Maji ya Chepkiit yanaelekea magharibi, yanaingia Ziwa Victoria, na kutoka huko ni Nile mpaka bahari ya Misri. Maji ya Torok yanashuka mashariki, yanaingia mto Kerio, yanafika Ziwa Turkana, na hapo ndio mwisho, kwa sababu Turkana halina mto unaotoka. Mvua ya wingu moja. Tone likianguka upande huu linaenda Misri, likianguka upande ule linaishia jangwani. Na wewe unalala katikati ya hayo yote, hosteli, ukiangalia video za mtu akiwa Bali.

Sina shida na Bali. Shida yangu ni hii: kuna wasee wanatoka London na Amsterdam, wanalipa ndege, wanakuja kukaa Iten wiki sita. Mo Farah alikuja kufanya mazoezi hapa. Lornah Kiplagat, bingwa wetu aliyekuja kukimbilia Uholanzi, alijenga kambi ya mazoezi pale Iten, na wageni wamekuwa wakimiminika. Wanakula ugali na sukuma, wanakunywa chai ya maziwa, wanaamka saa kumi na moja kukimbia kwenye vumbi jekundu, na wanarudi kwao wakisema ni maisha bora waliyowahi kuishi. Wewe uko umbali wa mathree moja na unasema "Iten kuna nini?"

Kuna nini? Twende kwa chakula, kwa sababu hapo ndipo tunakosea zaidi.

Nimeona zile video. Mtu anashika glasi ya mursik, anaweka kamera, ananusa, anakunja uso kama amepewa dawa ya minyoo, halafu wenzake wanacheka nyuma. Laiki zinaingia. Nielewe, kila mtu ana ulimi wake, kama hupendi maziwa ya kuchacha ni sawa kabisa. Lakini kabla ufanye chakula cha mwenyeji wako kuwa kichekesho, angalau jua unachokishika. Maziwa yanachemshwa, yanapozwa. Kibuyu, kinaitwa sotet, kinasafishwa vizuri, halafu kinapakwa ndani mkaa wa mti maalum, senetwet. Ndiyo maana mursik ina ile rangi ya kijivu. Sio uchafu, ni mkaa, na ndio unaipa ladha ya moshi na kusaidia yasiharibike. Kinafungwa, kinawekwa siku kadhaa, na mwenye mkono mzuri anajulikana kijiji kizima. Wanariadha wetu wakirudi na medali, hicho ndicho kitu cha kwanza wanachopokelewa nacho airport. Hawapewi soda. Sasa wewe unakunja uso.

Na mursik sio peke yake. Kuna kimyet, ugali wa wimbi, ule mweusi ambao ukiula saa saba mchana hutaulizia chakula tena mpaka kesho yake. Kuna saga na managu iliyopikwa polepole na kumaliziwa maziwa mpaka uchungu unabaki kidogo tu, wa heshima. Kuna maembe ya Kerio, ambayo msimu ukifika wanayapanga barabarani kwa ndoo, na harufu inakufikia kabla gari lisimame. Kuna asali ya bondeni. Kuna kuku wa kienyeji ambaye ukimtafuna anakutafuna pia. Hivi vyote havipatikani kwenye ile duka ya mnyororo ambapo unapigwa picha na boksi la pizza. Vinapatikana kwa mama mwenye jiko la kuni, benchi moja na kalenda ya mwaka juzi ukutani.

Hapa sasa ndipo nataka tusikizane vizuri, kwa sababu hili ndilo linanikera.

Safari zetu nyingi za "kwenda falls" ziko hivi. Watu ishirini wanachanga. Wanakodi mathree. Wananunua kila kitu supamaketi ya tao: soda, mkate, soseji, maji ya chupa, crisps. Wanafika, wanapiga picha mia tatu, wanawasha spika, wanakula walichobeba, wanaacha chupa kwenye mawe, wanarudi. Jioni wanaposti "nature heals". Ukihesabu, pesa yote ilibaki Eldoret. Kitu pekee kilichobaki kule ni takataka. Nilikaa siku moja na mama mmoja anayeuza chai na mahindi choma karibu na njia ya kushukia, nikamuuliza biashara ya wikendi ikoje. Akaniambia, "Wageni ni wengi, mwanangu. Lakini wanakuja wakiwa wameshiba."

Wanakuja wakiwa wameshiba. Hiyo sentensi imekataa kutoka kichwani.

Unaona, mtu anayeishi juu ya ule ukingo ana hesabu yake. Ana kipande cha shamba kwenye mteremko. Ana miti. Mti uliosimama haumlipii karo ya mtoto. Mti uliokatwa unakuwa mkaa, na mkaa una mnunuzi Eldoret kila siku, labda hata mama anayekupikia chapo hosteli. Sasa kama maporomoko yanaleta mamia ya watu na hakuna hata mmoja anayenunua chai, hayo maporomoko yana faida gani kwake? Yatabaki kuwa kelele tu ya wageni Jumamosi. Lakini kama kila Jumamosi kijana wake analipwa kuongoza watu njia, mama anauza managu sahani kumi, mzee anauza asali chupa tano, basi ule msitu unaoshikilia maji una mlinzi mwenye sababu.

Na sio mambo ya picha tu. Ule mteremko ni hatari. Mwanzo wa Novemba 2025, kule Chesongoch, Marakwet Mashariki, kwenye ukingo huu huu ila mbali kidogo kaskazini, mvua kubwa ilishusha mlima usiku watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 20 walifariki. Kiswahili kinatumia neno moja kwa yote mawili: maporomoko ya maji, maporomoko ya ardhi. Watu wa Elgeyo Marakwet hawahitaji kufundishwa hiyo tofauti ni nyembamba kiasi gani. Sisemi ukila managu mlima hautaanguka, mvua ya namna ile ina nguvu zake. Nasema mteremko usio na miti unashika udongo vibaya kuliko wenye miti, na miti inabaki pale ambapo kuna mtu anafaidika ikibaki. Hiyo si siasa, ni hesabu.

Najua mtaniambia nini. La kwanza: "Buda, hatuna doh. HELB haijaingia." Sawa. Mimi pia nimeishi na hizo wiki za kula indomie mchana na usiku. Lakini nauli ya Eldoret mpaka Iten haifiki bei ya pizza moja ya kugawana. Sikwambii uende kila wikendi. Nakwambia mara moja kwa semista. Ukinyima sherehe moja tu, umeenda. Na hiyo pesa ya soseji na soda mnayochanga, ichangeni vile vile, lakini mtume mtu apige simu siku moja kabla, amwambie mama wa kule, "Tunakuja watu ishirini, tupikie." Hakuna mama atakataa hiyo simu. Mtakula chakula moto na mtakuwa mmebeba mizigo michache.

La pili: "Kerio si kuna wezi wa mifugo?" Swali halali, na siwezi kukwambia bondeni kote ni amani. Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita kuwa maeneo yenye vurugu, na Elgeyo Marakwet na Baringo zilikuwa ndani. Lakini bonde ni refu. Kusema "Kerio ni hatari" yote kwa pamoja ni kama mtu wa ng'ambo akisema "Afrika ina vita." Iten wanakimbia watoto na wageni kila asubuhi. Unachofanya ni kile mtu yeyote mwenye akili anafanya akienda kwa watu: unauliza wenyeji kabla, unakwenda na mtu wa pale, unarudi mapema. Ukiambiwa leo usishuke upande fulani, hushuki. Hakuna ubishi.

La tatu, ambalo hamlisemi lakini naliona: "Sio kontenti ya maana." Mnaogopa kuonekana washamba. Mimi natengeneza video, kwa hivyo niamini nikisema mtu wa Mombasa au Arusha hajawahi kuona kibuyu kikipakwa mkaa. Ameona infiniti puli mara elfu. Kitu ambacho wewe unakiona cha kawaida ndicho mtu mwingine hajawahi kukiona.

Lakini kamera nayo ina adabu zake, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Ukishuka kutoka Iten ukielekea Kabarnet, unafika Chebloch, mahali mto Kerio unapita kwenye korongo jembamba la mawe. Vijana wa pale ni mabingwa wa kuruka kutoka juu mpaka majini, na wageni huwalipa kidogo. Ni ujuzi wao, na wanaujua huo mto kuliko sisi tunavyojua lifti za hosteli. Mtu mzima akiamua kuruka na umlipe vizuri, hiyo ni kazi yake. Lakini nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema, "Rudia, sikuwa nimewasha." Rudia? Huyo ni mtu, sio klipu. Usimrushe mtu mara mbili kwa sababu wewe umelala. Na kama anayejitolea ni mtoto, jibu ni hapana, hata akikuomba, hata kama ni mia tu. Mnunulie chai.

Na wewe mwenyewe, ukiwa Torok au Chepkiit, usijaribu ule upuzi wa kusimama kwenye jiwe la mwisho ukipanua mikono. Mvua za Machi mpaka Mei, na tena Julai na Agosti, ndizo zinafanya maji yawe mazuri kwa macho, na ndizo zinafanya mawe yawe kama sabuni. Mto unaweza kujaa hapa jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha huko juu ambako huoni. Mtu wa pale akikuambia "simama hapa, usipite," simama hapo. Hakuna picha inayofaa mama yako apigiwe simu na mtu asiyemjua.

Basi nifunge hivi, nisiwachoshe. Mpango wenyewe sio mgumu. Chagueni Jumamosi moja kabla ya CAT kuanza. Chukueni mathree ya Iten asubuhi. Mkifika, semeni "chamgei" kwanza kabla ya kutoa simu mfukoni, hata kama hilo ndilo neno pekee mnalolijua. Tafuteni kijana wa kuwaongoza na mkubaliane bei kabla ya kushuka, msianze kumbembeleza apunguze mkiwa mmeshapanda na amewabebea begi. Kuleni huko. Kunyweni mursik, na kama ulimi umekataa, weka glasi chini taratibu na useme "kongoi." Chupa mlizobeba mrudi nazo.

Na mkienda, nendeni na njaa.